Sarafu ya kilo 100 iliyopitishwa dirishani

Leo naweka kando mambo ya programu (si kando kabisa, mtaona) niwasimulie wizi ambao nimeufuatilia kwa miaka kadhaa.

Hebu fikiria gunia la mahindi la kilo 90. Ongeza kilo 10 juu yake. Sasa ugeuze mzigo huo uwe sarafu moja tu, duara, yenye kipenyo cha sentimita 53 na unene wa karibu sentimita 3. Upande mmoja kuna sura ya Malkia Elizabeth wa Pili, upande wa pili majani ya mti wa mepo, nembo ya Kanada. Hiyo ndiyo Big Maple Leaf, iliyotolewa na kiwanda cha sarafu cha Kanada mwaka 2007. Imeandikwa thamani ya dola milioni moja za Kanada, lakini hakuna ambaye angeiuza kwa bei hiyo, kwani dhahabu yake peke yake ilikuwa na thamani ya karibu euro milioni 3.75 ilipoibwa. Na dhahabu yenyewe ni safi kupita kiasi, asilimia 99.999. Maana yake, katika kilo zote 100 kuna gramu moja tu ambayo si dhahabu. Shikilia hesabu hiyo ya gramu moja, tutaihitaji.

Zilitengenezwa chache mno. Moja ilinunuliwa na mtu binafsi, naye akaiazima Makumbusho ya Bode mjini Berlin, ikawekwa hapo kwa maonyesho tangu Desemba 2010. Makumbusho hayo yako kwenye kisiwa katika mto Spree, na reli ya treni za mjini inapita ubavuni pake, karibu kabisa na ukuta. Nina hakika abiria wengi wamepita hapo maelfu ya mara bila kuyaona yale madirisha kama njia ya kuingilia.

Usiku wa kuamkia tarehe 27 Machi 2017, kuna watu walioyaona hivyo. Walitembea juu ya reli saa ambazo treni hazipiti, wakasimamisha ngazi, wakaingia kupitia dirisha la chumba cha wafanyakazi cha kubadilishia nguo. Kioo cha kabati kilikuwa kile kisichopenya risasi. Wakakipiga kwa shoka, si kwa risasi. Sarafu ikabebwa kwa ubao wa magurudumu hadi dirishani, ikashushwa kwenye reli, ikasukumwa kwa wilibaro (naam, wilibaro ileile ya mjengo!) kuvuka mto, kisha ikateremshwa kwa kamba hadi kwenye bustani ambako gari lilingoja.

Hakuna tarakilishi iliyodukuliwa hapo wala nywila iliyovunjwa. Ngazi, shoka, kamba, wilibaro. Pamoja na kijana mmoja aliyekuwa ameajiriwa hivi karibuni kama mlinzi pale ndani.

Lakini king'ora kilikuwa wapi? Hapa ndipo mimi kama mtu wa programu nilipokaa wima. Dirisha lile lilikuwa na mfumo wa king'ora kama mengine. Kesi ilipofika mahakamani ikajulikana kwamba kifaa chake kilikuwa na hitilafu tangu mwaka 2014, na hakikutengenezwa. Miaka mitatu! Mitambo yote ya jengo zima inafanya kazi, ila dirisha moja limenyamaza, na kila aliyeangalia aliuchukulia ukimya huo kama habari njema. Hata kampuni ya bima ilikataa kulipa thamani yote, na moja ya hoja zake ilikuwa dirisha hilohilo.

Makumbusho ya Bode yana hazina ya sarafu na medali zaidi ya laki tano, nyingine za kale ajabu. Mbona wakachukua hii ya mwaka 2007? Kwa sababu sarafu ya kale thamani yake iko kwenye sura na historia yake, na ukiipeleka kuuza utashikwa. Hii kubwa thamani yake ni uzito. Ikikatwa vipande na kuyeyushwa haipotezi kitu, isipokuwa utambulisho. Dhahabu iliyoyeyushwa haina namba ya usajili. Ndiyo maana haikupatikana mpaka leo.

Na ile gramu moja? Polisi walikuta chembe za dhahabu kwenye nguo na kwenye gari, dhahabu safi kiasi ambacho hukioni kwenye pete ya sonara. Usafi uliotangazwa kwa fahari ukawa ushahidi. Tarehe 20 Februari 2020 binamu wawili walifungwa miaka minne na nusu kila mmoja, na yule mlinzi miaka mitatu na miezi minne. Mshtakiwa wa nne aliachiliwa. Kichekesho kichungu ni kwamba kesi ikiwa bado inaendelea, Novemba 2019, vito vya kifalme viliibwa katika jumba la Grünes Gewölbe mjini Dresden, baada ya wezi kuchoma sanduku la umeme ili taa za barabarani zizimike. Mei 2023 mmoja wa binamu hao alihukumiwa kwa wizi huo pia.

Msifikiri ni mchezo wa kizazi hiki. Novemba 1831 wezi waliingia kwenye maktaba ya kifalme mjini Paris, wakaondoka na vitu zaidi ya 2,000 vya dhahabu, vikiwemo vya kaburi la mfalme Childeric wa karne ya 5. Vingi viliishia kwenye moto. Vichache viliopolewa kutoka mto Seine.

Kwa hiyo katika dhahabu, kumtafuta mwizi baadaye hakusaidii sana. Kinachohesabika ni dakika zile za mwanzo. Na kuhusu dakika, hakuna kisa kinachonikera kama cha Manching, Bavaria, tarehe 22 Novemba 2022. Hapo kulikuwa na sarafu 483 za Wakelti, za kama mwaka 100 kabla ya Kristo, zilizochimbuliwa mwaka 1999. Sarafu hizo zina umbo la kibakuli, na zamani wakulima waliamini kwamba huachwa na upinde wa mvua pale unapogusa ardhi.

Saa 7:17 usiku nyaya za faiba za mji zilikatwa. Nyumba kama 13,000 zikakosa simu na intaneti. Saa 7:26 mlango wa makumbusho ukafunguliwa kwa nguvu. Saa 7:35 wezi wakatoka. Tunazijua saa hizi kwa sababu mfumo wa king'ora uliziandika zote kwa uaminifu! Ila ujumbe haukuwa na waya wa kupitia.

Wanaosimamia seva wanajua dawa yake, nayo ni ya miaka mingi: mapigo ya moyo. Usisubiri mashine ikuambie "nimevamiwa". Iambie iseme "niko hai" kila baada ya sekunde chache, na ikikosa kusema, ukimya huo ndio king'ora. Mfumo kama huo ungepiga kelele saa 7:17, dakika tisa kabla ya mlango kuguswa. Gharama yake ni kelele za bure kila mtandao unapoyumba, na binadamu akichoka na kelele huzima kidude. Ugumu hasa uko hapo, na mtu yeyote aliyewahi kuelekeza barua pepe za onyo kwenye folda asiyoifungua anaujua.

Julai 2023 polisi waliwakamata washukiwa, mmoja wao fundi wa mawasiliano ya simu. Mwaka 2025 mahakama ya Ingolstadt ikatoa vifungo. Katika ukamataji huo vilipatikana vidonge 18 vya dhahabu, kila kimoja kikikadiriwa kuwa sarafu nne zilizoyeyushwa pamoja. Hiyo ni kama sarafu 72. Zilizobaki, zaidi ya 400, hazikupatikana.