Consolata: Kivumishi cha Kirumi katika Miji ya Mlima Kenya

Jina Consolata limeenea katika eneo la Mlima Kenya: limo katika kanisa kuu la Nyeri, katika hospitali za Mathari na Nkubu, na katika majina ya ubatizo ya wanawake. Makala haya yanachunguza maana ya neno hilo na mabadiliko yaliyolipata lilipovuka bahari.

Kiasili, consolata ni kivumishi kilichoundwa kutokana na kitenzi. Wahispania na Wareno husema consolada, Wafaransa consolée; kote maana yake ni ‘aliyefarijiwa’. Hapa pana utata, kwani Bikira Maria aitwaye hivyo mjini Torino huombwa kama mfariji. Kilatini chenyewe kilikuwa na utata huo: kitenzi consolari kilikuwa na umbo la kutendwa ilhali maana yake ni ya kutenda, hata consolatus akawa ‘aliyefariji’. Katika Kiswahili, kiambishi -w- humtenga waziwazi anayefarijiwa na anayefariji.

Neno hili lililetwa na wamisionari wa shirika lililoanzishwa na Giuseppe Allamano mjini Torino mwaka 1901. Wanne wa kwanza walifika Tuthu, Murang’a, mwezi Juni 1902. Baadaye wakaenea Nyeri na Meru. Katika matumizi ya Kiswahili, kivumishi hicho kilipoteza upatanisho wake wa jinsia na idadi, kikawa nomino: “hospitali ya Consolata”, “masista wa Consolata”. Kwa asiyejua Kiitaliano, ilibaki sauti isiyofichua maana yake.

Maana hiyo ilipata umbo jingine katika Kigikuyu. Sista Irene Stefani, aliyewauguza wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza huko Voi, Kilwa na Lindi, kisha akahudumu Gikondi hadi kifo chake mwaka 1930, aliitwa na wenyeji Nyaatha, kutokana na tha, yaani huruma. Alipotangazwa Mwenye Heri mjini Nyeri tarehe 23 Mei 2015, jina hilo lilikuwa lingali midomoni mwa watu.

Tofauti ya majina haya mawili ina uzito. Consolata lilipokelewa likiwa limekamilika. Nyaatha lilitungwa na watu waliomwona mtendaji, wakamwita kwa tendo lake. Utata wa kutenda na kutendwa haukuwahusu. Kwa hiyo, historia ya msamiati wa dini katika eneo hili haiwezi kuandikwa kwa kufuata majina yaliyochongwa juu ya milango pekee. Sharti isikilize pia majina ambayo wenyeji waliwapa wageni wao.