Deheni na Bati

Kabla sijajua kemia ni kitu gani, nilijua harufu ya deheni. Maji yakipwa Matondoni, mashua ya babu ililazwa ubavu mchangani, na sisi wajukuu tukakwangua magamba ya bahari yaliyong'ang'ania mbao za chini. Halafu babu alichanganya chokaa na shahamu, akapaka kwa kiganja. Baada ya muda, kazi ileile tena. Nilikuwa nikinung'unika: hakuna dawa ya kupaka mara moja yakaisha?

Kumbe ilikuwapo. Nilikutana nayo darasani Nairobi, jina lake tributiltini: atomu moja ya bati iliyoshikwa na minyororo mitatu, kila mmoja wa kaboni nne. (Bati lenyewe, si mabati ya paani, yale ni chuma kilichopakwa zinki.)

Mwaka 1849, Lamu ikiwa chini ya Seyyid Said wa Zanzibar, Mwingereza Edward Frankland aliunganisha bati na kaboni. Kwa miaka mia hivi lilibaki jambo la maabara. Ndipo miaka ya 1950, huko Utrecht, kundi la van der Kerk likaona ajabu: bati lenye minyororo mitatu huua kuvu vibaya sana, lakini ikiwa miwili au minne, makali hupungua. Yaani tofauti ni hesabu tu.

Kilichonikamata mimi ni picha ya fuwele ya ndugu yake mdogo, floridi ya trimetiltini, iliyochorwa kwa eksirei miaka ya 1960. Bati halitosheki na majirani wanne. Linamvuta wa tano, florini ya molekuli ya pili, na hivyo hivyo mpaka linakuwa tasbihi ndefu. Niliiangalia nikafikiri: kitu chenye njaa ya kushika namna hii, ukikitia baharini, kitashika nini?

Kilitiwa, ndani ya rangi za meli. Meli zikawa safi, zikala mafuta kidogo, matajiri wakafurahi. Kisha chaza wa ghuba ya Arcachon, Ufaransa, wakaanza kuharibika magamba na kukosa watoto. Kwingineko konokono majike wakaota uume, na kiasi cha kutosha kilikuwa kama nanogramu 1 kwa lita. Ufaransa iliizuia kwenye vyombo vidogo mwaka 1982. Dunia ilisubiri: mkataba wa 2001, ukaanza kufanya kazi Septemba 2008. Na tope la bandarini halisahau upesi. Bati hilo hukaa humo miaka na miaka.

Mei 2021 gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa. Nilimweleza babu asihofu, siku hizi meli hupakwa rangi isiyo na bati, nyingi ni za shaba.

"Haya, mjukuu wangu," akasema. "Na hiyo shaba ikibanduka, huenda wapi?"