Siku chuo kikuu kilipokwenda kusoma ngomani

Mavuno yakishaingia ndani na vumbi la kiangazi likaanza kutimka, Usukumani huwa ni msimu wa mbina, yaani ngoma. Vikundi viwili huingia uwanja mmoja siku moja, kimoja cha Bagalu na kingine cha Bagika, kila kimoja kikacheza upande wake. Kwa desturi hakuna meza ya majaji wala mtu wa kuandika alama. Wanaohukumu ni watazamaji, tena wanahukumu kwa miguu. Wakichoshwa na huku, wanahamia kule, na kikundi kitakachobaki na umati ndicho kilichoshinda.

Masimulizi ya Wasukuma yanarudisha ushindani huo kwa waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waliobishana nani ana dawa kali zaidi. Wa kwanza akawaachia jina Bagika, wa pili akawa chimbuko la Bagalu. Hadi leo mchezaji wa Bariadi, Maswa au Meatu anajua yuko upande gani kabla hajajua kupiga hatua ya kwanza.

Anayeiona mbina kuwa burudani tu ameona nusu yake. Bagoyangi, watu wa nyoka, walikuwa na mafunzo yao: mwanafunzi alimfuata bingwa porini, akajua nyoka analala wapi, anashikwaje, na mzizi gani unamfaa aliyeumwa. Bununguli walikuwa wawindaji wa nungunungu, wenye siri na nyimbo zao. Bugobogobo, ngoma ya jembe, iliwapanga vijana mstari mmoja shambani, mdundo ukaongoza mikono mpaka heka nzima ikageuzwa bila mtu kuhisi urefu wa siku. Na ningi, kiongozi wa nyimbo, alibeba kumbukumbu za vita, njaa, ndoa na bei ya pamba, akazitia kwenye wimbo ambao watu wangeukataa palepale kama ungekuwa wa uongo. Hiyo ilikuwa elimu ya kutenda, na mtihani wake ulifanyika hadharani.

Nimeanzia huko kwa makusudi. Tunapozungumzia vyuo vikuu kufundisha kwa vitendo, kwa kawaida hadithi huanzia Mlimani, Dar es Salaam, kana kwamba vitendo vilikuwa vikisubiri profesa avigundue.

Wasomi wa kwanza kuja Usukumani walikuja na kalamu. Hans Cory, Muaustria aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya kikoloni, alizunguka akiwahoji watemi na wazee, na mwaka 1953 kikatoka kitabu chake cha sheria na mila za Wasukuma. Alikuwa mchapakazi, na bila yeye mengi yangepotea. Karatasi zake leo ziko katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwa wajukuu wa wale waliozungumza naye. Elimu iliondoka kijijini ikiwa hai, ikafika mjini ikiwa jalada.

Chuo chenyewe kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria. Haikupita miaka mingi swali likaibuka: msomi huyu ni wa nani? Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha mamia yao nyumbani. Machi 1967 akatoa Elimu ya Kujitegemea, akilalamika kwamba shule zinamng'oa kijana katika jamii yake na kumfanya adharau hekima ya wazee wasiojua kusoma. Novemba 1974 likaja Azimio la Musoma: kijana afanye kazi kwanza, athibitishwe na wale aliofanya nao kazi, ndipo aende chuo kikuu.

Azimio lile lililegezwa baadaye, na sababu zilikuwepo. Hata hivyo naamini lilibeba wazo zito kuliko tunavyokumbuka, kwamba mfanyakazi au mwanakijiji ana haki ya kutoa maoni kuhusu nani asome. Upungufu wake ulikuwa mahali pengine. Kijana alipelekwa kwa watu akafanye kazi, akajifunze unyenyekevu na nidhamu, lakini hapakuwa na utaratibu wa kile ambacho watu hao wangemfundisha. Mkulima alikuwa shahidi wa tabia yake, ualimu hakupewa.

Mlango wa ualimu ulifunguliwa na watu wa sanaa. Huko Makerere, kuanzia mwaka 1965, wanafunzi walipanda basi na michezo ya kuigiza wakizunguka miji na vijiji vya Uganda na Kenya, wakiigiza kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwamo. Lilikuwa jambo jema, ila mchezo ulitoka chuoni ukiwa umekamilika. Mwanakijiji alibakiwa na kazi ya kupiga makofi. Botswana mwaka 1974 walisogea mbele kwa mradi wa Laedza Batanani, uliowakusanya wanavijiji wajadili matatizo yao kupitia maigizo. Kamiriithu, Kenya, mwaka 1977, wakulima na wafanyakazi walitunga na kuigiza mchezo pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii kwa Kikuyu. Serikali ilipiga marufuku mchezo huo, na mwaka haujaisha Ngũgĩ wa Thiong'o akawa kizuizini.

Zamu ya Tanzania ilifika Malya. Msomaji wa Maswa anapajua. Ni kwenye reli ileile inayopita Malampaka, ukielekea Mwanza, na ingawa kiutawala Malya ni Kwimba, mpaka wa mkoa haujawahi kuzuia ngoma kusikika upande wa pili. Mwaka 1982 na 1983 walimu wa Idara ya Sanaa za Maonyesho ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Muhando Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walikwenda huko bila mchezo mfukoni.

Kwanza walikaa na watu wakauliza. Wakasikiliza vijana, wazazi, viongozi. Yaliyoibuka yalikuwa yale ambayo kijiji kilikuwa kikiyasema pembeni: wasichana kupata mimba wakiwa shuleni, vijana kukosa kazi, wizi, uhusiano wa wanaume na wanawake ulioharibika. Ndipo mambo hayo yakatiwa katika ngoma, nyimbo na maigizo, kwa mitindo ambayo wenyeji waliijua tangu utotoni, na wenyeji wenyewe ndio waliocheza. Baada ya onyesho watu hawakutawanyika. Mjadala ukaanza: tatizo hili limeletwa na nani, na litatatuliwaje?

Fikiria uzito wa jambo hilo. Mzazi ambaye asingethubutu kutaja mimba ya binti mbele ya mkutano wa kijiji aliweza kuizungumzia kwa sababu ilikuwa ndani ya wimbo. Usukumani wimbo una ruhusa ambayo hotuba haina. Ningi anaweza kumsema mtu mkubwa mbele yake, na mkubwa akacheka au akanuna, lakini haruhusiwi kukasirika. Wahadhiri wale hawakuileta ruhusa hiyo kutoka Dar es Salaam. Waliikuta, wakaiheshimu, na wakajifunza kufanya kazi ndani yake. Kwangu hapo ndipo chuo kikuu kilipoijumuisha jamii kwa maana halisi, kwa kukubali kwamba chombo cha kufikiria ambacho watu wanacho kinatosha kubeba fikra nzito.

Mlama aliandika uzoefu wa Malya na vijiji vingine katika kitabu chake cha mwaka 1991 kuhusu utamaduni na maendeleo, ambacho kimesomwa vyuoni katika nchi nyingi. Na mwaka 1996 yeye na Lihamba walianzisha Tuseme, mpango uliowapa wasichana wa sekondari nafasi ya kuchunguza matatizo yao na kuyasema kwa maigizo, nyimbo na ngoma. Ukafika hadi nchi nyingine za Afrika.

Katika muongo uleule wa kazi ya Malya, wataalamu wa misitu nao walikuwa wakipata somo linalofanana. Mkoa wa Shinyanga, ambao wakati huo ulikuwa na Bariadi, Maswa na Meatu ndani yake, ulikuwa umekwanguliwa. Tangu enzi za Waingereza mapori yalifyekwa kuwafukuza mbung'o, yakafuata mashamba ya pamba, mifugo na kuni. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI. Miche iliyoletwa ilikuwa na shida zake. Kilichofanikiwa sana ni ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga eneo la malisho lifungwe wakati wa mvua na lifunguliwe kiangazi kinapokaza, chini ya sheria za dagashida, baraza la jadi. Kutoka hekta zipatazo 600 zilizokuwepo mradi ulipoanza, ngitili zikapita hekta 300,000. Miti ilirudi yenyewe kutoka kwenye visiki na mizizi iliyobaki ardhini.

Mwaka 2005 wasomi wakiongozwa na Gerald Monela wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine walichapisha hesabu ya faida za ngitili: kuni, asali, dawa, nyasi za kuezekea, nyama pori, malisho. Ilikaribia dola 14 za Marekani kwa mtu mmoja kwa mwezi, kiasi kilichozidi matumizi ya kawaida ya mtu wa kijijini wakati huo. Takwimu zilikuwa za profesa. Elimu iliyopimwa ilikuwa ya mzee mfugaji.

Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012, na sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,140,497. Kwa miaka mingi kijana wa Bariadi aliyetaka elimu ya juu alifunga begi. Sasa elimu hiyo inamfuata. Chuo Kikuu Huria kina kituo chake mkoani, na Chuo cha Usimamizi wa Fedha kimefungua kampasi. Na majengo mengine yatakuja. Swali ni nani atafundisha ndani yake na kwa namna gani.

Leo mwanafunzi akisema anakwenda fildi, mara nyingi maana yake ni wiki kadhaa ofisini, daftari la kila siku, muhuri wa msimamizi, na ripoti itakayosomwa na mtu mmoja. Yule mama muuza maziwa wa Meatu, yule mkulima wa pamba wa Itilima aliyemweleza kila kitu, hataiona ripoti hiyo wala hataulizwa kama ni kweli. Tumerudi kwa Cory: elimu inaondoka kijijini, jalada linabaki mjini.

Nawaomba wakuu wa vyuo walioko Simiyu na watakaokuja: mwiteni ningi darasani na mumlipe kama mnavyomlipa mhadhiri mgeni. Mpeni mzee wa ngitili muhula wake. Mwanafunzi wa fedha akimaliza utafiti kuhusu mikopo ya wakulima, arudi kijijini aueleze hadharani, kwa Kiswahili au Kisukuma, na sehemu ya alama zake itoke kwa waliomsikiliza. Wakibaki, amefaulu. Wakihamia upande wa pili, arudie.