Bagamoyo, Mwisho wa Njia ya Wapagazi

Ukitoka Dar es Salaam ukafuata pwani kuelekea kaskazini, mwendo wa kilomita 70 hivi, utaufikia mji mdogo wa Bagamoyo, unaoelekeana na kisiwa cha Unguja. Mimi nimeufikia mara mbili, kwanza nikiwa mwanafunzi, na baadaye nikiwa mwalimu. Mara zote mbili aliyetuongoza alitueleza jina la mji kwa maneno yale yale: kwamba watumwa, walipoiona bahari, walijua ya kuwa hawatarudi kwao tena, wakaibwaga mioyo yao papo hapo. Masimulizi haya hayakutoka hewani. Watumwa walipita hapo kweli, wakavushwa kwenda Unguja, na hata baada ya soko la huko kufungwa mwaka 1873 biashara hiyo iliendelea kwa siri.

Walakini katika safari ile ya pili, tuliposimama penye magofu ya nyumba ya kufikia misafara, nilitaka wanafunzi wangu wajiulize: ni akina nani waliokuja hapa kwa maelfu, mwaka baada ya mwaka, katika karne ya 19? Walikuwa wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi kutoka nchi ya Tabora, watu huru waliotafuta ujira. Masika walilima mashamba yao. Kiangazi kilipofika walijitwika pembe za ndovu wakashika njia ya pwani, zaidi ya kilomita 800, safari ya miezi miwili au mitatu. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa ratili 70 hivi, mbali na mkeka wake na chakula chake. Mbele alitangulia kirangozi. Burton na Speke mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871, walipita katika njia ambayo watu hawa walikuwa wamekwisha kuizoea. Wala usidhani kwamba walitii kila neno. Wakipunjwa posho, waliitua mizigo chini wakakataa kwenda. Na tajiri angefanya nini porini na marobota yasiyo na wachukuzi?

Sasa mfikiri mtu wa namna hiyo, aliyekwisha kuja pwani mara tatu au nne. Yumo katika nchi kavu ya Ugogo, mabega yamechubuka, naye anaikumbuka Bagamoyo: minazi, samaki, ngoma za usiku, na nguo atakazowapelekea watu wa nyumbani. Kwake yeye kubwaga moyo ni kuupumzisha, kama vile mtu abwagavyo mzigo. Nami naona maana hii ina nguvu zaidi, kwa kuwa waliolitaja jina hilo njia nzima, kwenda na kurudi, walikuwa wao. Simnyang'anyi mtumwa machozi yake. Lakini si haki mpagazi asahauliwe katika mji alioujaza.

Reli iliyoanzia Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Behewa moja lilichukua mizigo ya wapagazi mamia. Misafara ikapungua, na Wanyamwezi wengi waliotafuta ujira pwani wakaingia kukata mkonge mashambani.