Madogo wanawaka msimu mmoja, wakongwe wanarudia

Leo tuweke pembeni stori za nani kaachana na nani, tuongelee historia kidogo. Kuna jambo lilitokea kwenye Ligi Kuu Bara mbele ya macho yetu na wengi hatukulistukia. Kati ya 2018/19 na 2022/23, misimu mitano, ni mmoja tu ambao tuzo ya mfungaji bora haikugusa mkono wa mtu aliyevuka miaka 30.

Tuanze na Meddie Kagere. Jamaa alitua Simba mwaka 2018 akitokea Gor Mahia ya Kenya. Rekodi zinasema kazaliwa 1986, yaani alikuja Bongo kwenye umri ambao straika anaanza kuhesabiwa siku. Msimu wa kwanza mabao 23. Wa pili 22. Kila akifunga anaziba jicho moja kwa mkono, si mnakumbuka? Na watu wa Ruangwa na Nachingwea hawahitaji kusimuliwa, maana mwaka 2024 alikuwa anavaa jezi ya Namungo palepale Uwanja wa Majaliwa.

Msimu wa 2020/21 zamu ikaenda kwa John Bocco, mabao 16, umri 31. Sasa sikia hii: Bocco alishawahi kuwa mfungaji bora 2011/12 akiwa Azam, kijana wa miaka 22. Kati ya kiatu cha kwanza na cha pili imepita miaka tisa! Hapo katikati wamekuja mastraika wangapi wakaitwa "Bocco mpya" kwenye vijiwe, leo hata majina yao hatuyakumbuki.

2021/22 upepo ukageuka. George Mpole wa Geita Gold, hayupo Simba wala Yanga, akafunga 17 na kumwacha Fiston Mayele na 16. Tukashangilia kweli. Halafu akaondoka kwenda Lupopo ya Kongo, na kiti kikabaki wazi. Nani akakikalia? Mayele, sawa, lakini akagawana na Saido Ntibazonkiza, wote mabao 17. Saido alikuwa na miaka 36. Alianza msimu Geita Gold, akamalizia Simba, na kwenye mechi moja dhidi ya Polisi Tanzania alipiga tano peke yake.

Najua kuna mtu atasema: ah, madogo wakali wanauzwa nje, ndio maana wazee wanabaki kutamba. Hoja ina ukweli, hata Mayele mwenyewe alienda Misri. Lakini hebu angalia tenisi ya wanaume. Kule hakuna anayeuzwa, wote wanakutana kwenye mashindano yaleyale. Federer, Nadal na Djokovic wamechukua mataji makubwa 66 wao watatu tu. Djokovic peke yake ana 24, na matatu kati ya hayo aliyachukua mwaka 2023, la kwanza akiwa na miaka 35 na mawili akiwa na 36. Wachezaji wote duniani waliozaliwa miaka ya 90, mpaka mwisho wa 2025, waliotwaa taji kubwa ni wawili: Thiem na Medvedev, kila mmoja mara moja. Kizazi kizima kimerukwa! Waliokuja kuvunja ukuta ni Alcaraz na Sinner, wadogo zaidi, ambao hawakusubiri foleni.

Kiukweli madogo hawakukosa kipaji. Msimu mmoja wa moto wengi wanaweza. Shughuli ni kurudia. Mwaka wa pili mabeki wameshakusoma, jina limekuwa kubwa, simu haziishi kuita, goti linauma. Mkongwe hayo yote kashayapitia. Kagere hakuwa mtu wa chenga nyingi, alijua tu mpira utadondokea wapi ndani ya boksi, akawahi. Saido hakuhitaji kukimbia sana ili apige mpira uliotulia. Mbio zinapungua, jicho linaongezeka.

Kwa nini nayasema haya? Kwa sababu huku kwetu dogo akifika miaka 24 hajasajiliwa popote, anaambiwa muda umepita, arudi kwenye korosho au atafute bodaboda. Mtaa ndio unamzeesha, sio mwili. Bocco angekatiwa tamaa akiwa na 25, kile kiatu cha pili kisingekuwepo.

Ila na wewe dogo unayesubiri wakongwe wastaafu ndio upate nafasi yako, waulize wale wa tenisi waliozaliwa miaka ya 90. Kiti hakirithiwi kwa foleni. Wakati wewe unamwangalia aliyekaa, kuna mwingine wa miaka 19 nyuma yako ameshavaa viatu.

Haya wadau, kwa maoni yenu, mfungaji bora ajaye atakuwa dogo au mkongwe tena?