Wawili Upande Mmoja: Gemu za Skrini Moja Zilivyozaliwa, Zikasukumwa Kando, Zikarudi

Mwaka 1978 kampuni ya Atari ya Marekani ilitoa mashine ya sarafu iliyoitwa Fire Truck. Mchezaji mmoja aliketi mbele, usukani mikononi, pedali za mafuta na breki miguuni. Wa pili alisimama nyuma ya kiti hicho akiwa na usukani wake mwenyewe, kazi yake ikiwa kuongoza mkia wa gari la zimamoto. Magari marefu ya namna hiyo yapo kweli katika miji ya Marekani, na huendeshwa na watu wawili vivyo hivyo. Picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, barabara ina kona kali, magari yaliyoegeshwa na madoa ya oili. Wa mbele akikata kona kabla wa nyuma hajajiandaa, mkia unagonga na muda unayoyoma.

Kabla ya hapo, watu wawili waliosimama mbele ya gemu walikuwa wapinzani. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1958, mwanafizikia William Higinbotham alipowaburudisha wageni wa maabara ya Brookhaven, New York, kwa mchezo wake wa Tennis for Two. Ndivyo ilivyokuwa kwa Spacewar! ya mwaka 1962 pale chuo cha MIT, na kwa Pong ya mwaka 1972. Fire Truck hutajwa miongoni mwa gemu za kwanza kabisa kuwaweka wachezaji wawili upande mmoja, na iliweka kipimo kinachofaa hata leo: kila mmoja awe na kazi ambayo mwenzake hawezi kumfanyia.

Gemu nyingi zilizofuata hazikukifikia kipimo hicho. Ziliongeza mtu wa pili tu, mwenye bunduki ileile, anayekimbia njia ileile. Katika Wizard of Wor na Joust, zilizotoka mwanzoni mwa miaka ya 1980, wawili wangeweza kusaidiana dhidi ya maadui au kumalizana wenyewe kwa wenyewe, na uamuzi uliachwa mikononi mwao.

Mwaka 1985 ndipo likaja jambo kubwa. Ed Logg wa Atari Games, ambaye mwanawe alikuwa akipenda sana mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons, alibuni Gauntlet, mashine pana iliyozungukwa na wachezaji hadi 4: shujaa wa shoka, mwanamke mpiganaji, mchawi na mpiga mishale. Nguvu za kila mmoja zilipungua kila sekunde hata akisimama tu. Chakula kilichotapakaa njiani kiliwarudishia nguvu, lakini sahani moja ililiwa na mtu mmoja, na mshale uliokwenda vibaya uliweza kukiharibu kabla hakijafikiwa. Mashine yenyewe ilipaza sauti kumtaja aliyekaribia kufa. Basi kelele zilizuka: nani ale, nani amefyatua ovyo, nani ametangulia na kuwaacha wenzake wamezingirwa.

Nyuma ya furaha hiyo kulikuwa na hesabu ya biashara. Mtu yeyote aliweza kujiunga mchezo ukiwa katikati kwa kutia sarafu, na aliyekuwa anaishiwa nguvu alizinunua kwa sarafu nyingine. Mashine moja ikakusanya fedha za watu 4 kwa wakati mmoja. Wenye kumbi za gemu waliipenda kwa sababu hiyo, na haki iwekwe wazi: bila tamaa hiyo ya sarafu, kampuni zingechelewa sana kuona thamani ya kuwachezesha watu pamoja.

Huko Japani, Fukio Mitsuji wa kampuni ya Taito alikuwa na nia ya upole zaidi. Alitaka kumbi za gemu, zilizokuwa zimejaa wanaume, zivutie pia wanawake na wapenzi wanaokuja wawili wawili. Mwaka 1986 akatoa Bubble Bobble, yenye ndugu wawili waliogeuzwa kuwa majoka madogo yanayopuliza mapovu. Kuna hatua 100. Aliyefika mwisho peke yake hakuuona mwisho wa kweli wa hadithi. Aliambiwa arudi na rafiki. Ni uamuzi wa kijasiri kumwambia mteja aliyemaliza hatua zote kwamba bado kuna kitu kimoja alichokosa, na kitu hicho ni mtu.

Wakati huo gemu zilikuwa zimeshaanza kuhamia sebuleni. Mashine ya Famicom ya Nintendo, iliyoingia sokoni Japani Julai 1983, ilikuja na pedi mbili zilizounganishwa moja kwa moja na mashine, hazichomoleki. Kwa hiyo kila nyumba iliyoinunua ilikuwa tayari na nafasi ya mtu wa pili. Mashine za kuiga Famicom zilizotengenezwa Taiwan na China zikasambaa Asia, Ulaya Mashariki na Afrika, na hadi Afrika Mashariki watoto wengi waliijua gemu ya Contra kwa njia hiyo, kwenye kanda moja iliyosheheni gemu chungu nzima.

Contra ya Konami, iliyotoka mwaka 1987, inastahili kuangaliwa kwa karibu. Wanajeshi wawili, risasi moja tu inaua, maisha ni 3. Kwenye hatua ya maporomoko ya maji skrini hupanda juu pamoja na anayetangulia, na aliyebaki chini hufa. Mwenye haraka humuua mwenzake bila kufyatua risasi. Kaka aliyejifunza kusubiri ukingoni mpaka mdogo wake aruke alikuwa ameielewa gemu ile kuliko mwenye shabaha. Wengine waliokolewa na mfuatano wa vitufe uliotoa maisha 30, ambao asili yake ni Kazuhisa Hashimoto. Aliutia kwenye gemu nyingine ya Konami, Gradius, kwa sababu ilimshinda alipokuwa akiijaribu.

Kisha ukaja mtandao. Novemba 2002 Microsoft ilizindua Xbox Live, huduma ya kuchezea gemu mtandaoni, na taratibu rafiki wa kucheza naye akahamishiwa nyumba nyingine. Kwa kampuni ilikuwa faida: watu wawili kwenye kochi wanahitaji mashine moja na nakala moja, lakini wawili kwenye intaneti wananunua mbili mbili. Kulikuwa pia na ugumu wa kiufundi, kwani skrini ikigawanywa, mashine hulazimika kuchora dunia ya gemu mara mbili. Gemu ya Halo ilijijengea jina mwaka 2001 kwa hadithi ambayo wawili waliweza kuicheza kwenye televisheni moja. Halo 5 ya mwaka 2015 ikaiondoa skrini ya kugawanywa. Wapenzi wake walilalamika vikali, na mwaka 2017 wakaahidiwa kuwa itarudi. Halo Infinite ikatoka mwishoni mwa 2021, na Septemba 2022 ikatangazwa kuwa hadithi yake haitachezwa na wawili kwenye skrini moja. Ahadi ile ilipaswa kutimizwa.

Waliokuja kuziba pengo hawakuwa wakubwa. Kampuni ndogo ya Uingereza, Ghost Town Games, ilitoa Overcooked mwaka 2016: jikoni moja, wapishi hadi 4, mmoja anakata vitunguu, mwingine anaangalia sufuria isiungue, mwingine anaosha sahani. Mwaka uliofuata ilishinda tuzo mbili za BAFTA, mojawapo ya gemu bora ya familia.

Josef Fares, mzaliwa wa Beirut aliyekulia Sweden na kuanzia kwenye filamu, alikwenda mbali zaidi. It Takes Two, iliyotolewa na studio yake ya Hazelight mwaka 2021, haichezeki peke yako kabisa. Wanandoa wanaotaka kuachana, Cody na May, wanageuzwa wanasesere. Katika sehemu moja Cody hurusha misumari ikakita ukutani, na May huitundikia nyundo yake na kubembea kuvuka. Cody hana nyundo, May hana misumari. Desemba mwaka huo ikatangazwa gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards, na imeuzwa zaidi ya nakala milioni 20. Split Fiction ya studio hiyohiyo ikafuata Machi 2025.

Mabanda ya gemu ya Dar es Salaam na Nairobi hayakuingoja tuzo ya It Takes Two ili kuwaketisha watu mbele ya skrini moja. Humo mtu hulipia mechi ya mpira kwenye PlayStation, na benchi halikauki watu. Mara nyingi ni kushindana, lakini hata gemu za mpira huruhusu pedi mbili kwa timu moja, na wenye mabanda wangefanya vema kuwapa wateja nafasi hiyo mara nyingi zaidi.

Kwa anayenunua gemu ya nyumbani, asiridhike na maneno kwamba inachezwa na wengi, maana mara nyingi hao wengi ni wa kwenye intaneti. Asome kasha au maelezo ya dukani kujua ni wachezaji wangapi wanaoruhusiwa kwenye mashine moja, kisha anunue na pedi ya pili siku hiyohiyo.