Land Rover ya babu na mnunuzi wa skrepa

Haya wadau, nimerudi. Wiki tatu kimya, na kuna walioanza kueneza kwamba nimedisko, teh teh! Sijadisko. Nilikuwa nyumbani Mbulu kwenye kikao cha ukoo, na ajenda ilikuwa moja tu: gari la babu.

Mliokaa na mimi chumba kimoja mmeshalisikia mpaka mmelichoka. Ni Land Rover 109 ya mwaka 1966, kijani iliyopauka, taa zake mbili zimebanana katikati ya pua kama macho ya bundi. Babu aliliendesha miaka mingi akiwa dereva wa idara ya mifugo, halafu mwaka 1984 akalinunua kwenye mnada likiwa limekufa, akalifufua. Limebeba mahindi, maharusi, majeneza. Usiku wa kuzaliwa mimi, mama alipelekwa hospitali nalo, na inasemekana babu aliendesha na taa moja.

Sasa lina miaka minne chini ya mti. Chasisi imeoza sehemu ya nyuma. Akaja mnunuzi wa vyuma chakavu, akalizunguka mara mbili, akagonga bodi kwa kidole, akataja bei. Ba'mdogo akasema tuuze, maana mdogo wangu anaingia kidato cha tano na mahitaji ni mengi. Babu akanyamaza. Nyie hamumjui babu. Akifoka, yameisha. Akinyamaza, ujue pabaya.

Nikaambiwa, "Haya, wewe msomi wa historia, sema." Jamani... sikuwa na la kusema. Niliweza kuwaeleza Mkutano wa Berlin toka mwanzo hadi mwisho, lakini kuhusu kitu kilichokaa uani kwetu tangu sijazaliwa sikuwa na sentensi mbili. Nikaomba wanisubiri. Niliporudi chuoni nikaanza kusoma, na haya ndiyo niliyoyaokota.

Gari hili lilizaliwa kwa sababu ya shida ya spea. Kweli kabisa. Baada ya vita kuu ya pili, Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover ya Uingereza, alikuwa na shamba kisiwani Anglesey, huko Wales. Kazi za shamba alizifanya kwa jipu la Willys, lililoachwa na jeshi la Marekani. Jipu likawa linachakaa na vipuri vyake kupatikana ni tabu. Mwaka 1947 yeye na ndugu yake Spencer, aliyekuwa mkuu wa kampuni, wakaanza kufikiria gari la namna hiyo la kwao wenyewe. Tarehe 30 Aprili 1948 likaonyeshwa kwenye maonesho ya magari Amsterdam. Bei ilikuwa pauni 450.

Hapo Uingereza ilikuwa hoi. Chuma cha mabati ya magari kilitolewa kwa mgawo, na mitambo ya kukandamizia bodi ni ghali. Kwa hiyo bodi wakaitengeneza kwa aloi ya alumini iitwayo Birmabright, vipande bapa bapa vinavyoweza kukunjwa kwa mkono na kufungwa kwa bolti. Chasisi ikawa boksi la chuma lililochomelewa kutokana na bamba. Rangi ya kijani ya mwanzo ilikuwa ya akiba ya ndege za jeshi. Kampuni yenyewe ililiona kama gari la kupitishia miaka ya shida tu, halafu warudi kwenye magari yao ya mabwana wakubwa. Mwaka 1976 walitoa Land Rover ya milioni moja, he he he.

Angalieni vizuri hapo. Umaskini wa kiwanda ndio uliomwekea fundi wa Mbulu chakula mezani. Mlango ukipondeka hauhitaji mtambo, unahitaji nyundo ya mpira na subira. Madgadi inafunguliwa kwa bolti, unaweka nyingine iliyotoka kwenye gari lililokufa, hata kama lina umri tofauti wa miaka kumi.

Kwetu mafundi walikuwa wameshaanza kuzaliwa hata kabla Land Rover haijafika. Kongwa, ambayo sio mbali na hapa chuoni, ndiko ulikoanzia mwaka 1947 ule mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza. Tulifundishwa kwamba ulishindwa, ukafungwa mwaka 1951 baada ya kula mamilioni ya pauni, basi, jibu limekwisha, alama tano. Hatukuambiwa kwamba walileta matrekta yaliyotumika vitani, na vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta, na kwamba ardhi ile ilivivunja kimoja baada ya kingine. Mashine zinazovunjika kila siku zinahitaji watu wa kuzitengeneza kila siku. Vijana wa Kitanganyika walishika spana pale kwa wingi. Fundi aliyemfundisha babu alianzia Kongwa, akiwa spana boi.

Nisiwadanganye kwamba gari hili lilikuja kama rafiki. Wazee wa kwetu wanakumbuka Land Rover ya bwana shauri kabla ya kukumbuka ya chanjo ya ng'ombe. Likionekana vumbi lake kwa mbali, wengine walikwenda porini, kwa maana ya kodi. Baada ya Uhuru vumbi lilikuwa lilelile ila likaleta mganga, mkaguzi wa shule na bwana mifugo. Babu anasema ilichukua muda watu kuacha kukimbia.

Kwa wasiojua, 109 ni inchi kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma. Fupi yake ni 88. Gia ya kwanza na ya pila kwenye gari la babu, yaani ya pili, samahani, hazina sinkronaizi, hivyo kukanyaga klachi mara mbili ni lazima, la sivyo giaboksi inakutukana hadharani. Kuna kitasa cha njano unachokibonyeza magurudumu ya mbele yavute, na wenzo mwekundu wa gia za nguvu. Na mbele kuna tundu la hendeli: betri ikifa unazungusha kwa mkono.

Ugonjwa wake mkubwa ni hafushafti, ile fimbo ya chuma inayotoka kwenye difu kwenda gurudumu la nyuma. Ukiongeza mzigo, au ukiachia klachi kwa hasira kwenye tope, inakatika. Lakini huinui gari hata kwa jeki! Unafungua bolti sita kwenye habu, unaivuta fimbo nje, kwa sababu uzito wa gari umebebwa na ekseli yenyewe, sio na fimbo. Kipande kilichobaki ndani unakitoa kwa kuchomoa fimbo ya upande wa pili na kukisukuma kwa nondo ndefu. Kama huna spea, unabonyeza kitasa cha njano na kurudi nyumbani kwa magurudumu ya mbele. Babu alirudi hivyo kutoka Haydom mara mbili, usiku.

Ujuzi huo ulikuja kukomaa wakati wa dhiki. Februari 1977 mpaka wetu na Kenya ulifungwa, Jumuiya ikavunjika mwaka huohuo, na mpaka haukufunguliwa mpaka 1983. Bidhaa zilizokuwa zinatoka Nairobi zikawa ng'ambo ya kufuli. Mwaka 1978 na 1979 tukaingia vitani na Idi Amin, magari ya idara mbalimbali yakachukuliwa kwenda Kagera. Bei ya mafuta duniani ikapanda tena. Fedha za kigeni hakuna. Kwa hiyo sili ya oili ikawa kitu cha kuombea.

Nilimuuliza babu kwa simu walifanyaje. Alicheka, akasema, "Tulikuwa tunakula gari moja ili mengine yaishi." Kila yadi ya idara ilikuwa na maiti moja iliyofunguliwa kidogo kidogo, leo rejeta, kesho ekseli. Gasketi walikata kwenye karatasi ngumu za maboksi na kuzipaka grisi. Bushi za springi waliwapelekea wakerezaji. Springi zenyewe ni mabamba ya chuma yaliyopangwa, hivyo bamba likivunjika walikata la lori na kulipinda motoni. Mwaka 1983, ulipopigwa msako wa wahujumu uchumi, spea zilikuwa miongoni mwa vitu watu walivyoogopa kukutwa navyo ndani. Babu alifukia kabureta shambani, kwenye mahindi. Kabureta! Moja! Anaapa kwamba alinunua kihalali, ila risiti hakuwa nayo.

Miaka iliyofuata biashara ilifunguliwa, na magari ya Kijapani yakaingia. Tuwe wakweli, Toyota Land Cruiser ilistahili kushinda. Injini yake haivuji kama ya Mwingereza, ekseli zake ngumu. Mashirika na serikali vikahamia huko, na Land Rover kuukuu zikaangukia kwa watu binafsi, zikawa daladala za porini kule Simanjiro, Longido na Loliondo, abiria mpaka juu ya paa. Nyingi zilivishwa injini za dizeli za Kijapani. Ya babu bado ina petroli yake ya lita 2.25, ndiyo maana mnaona inakaa chini ya mti.

Huko Solihull, Uingereza, Defender ya mwisho ya ukoo ule ilitoka kiwandani tarehe 29 Januari 2016. Oktoba 2024 Arusha walifanya tamasha la Land Rover, mamia kwa mamia yakaandamana barabarani. Niliangalia video usiku wa manane, bando likaisha. Waandishi waliwahoji wenye magari. Mimi nilikuwa natafuta mtu mwenye ovaroli chafu ahojiwe, sikumwona.

Hili linanigusa kwa sababu ya kozi yangu. Kila wiki tunasomeshwa nadharia za kujifunza kwa kutenda, na wenye nadharia wote ni Wazungu wenye ndevu. Wakati huohuo mtu aliyefundishwa chini ya mwembe na fundi wa Kongwa, naye akafundisha vijana kumi na wawili (nimewahesabu), hana hata karatasi moja. Tunaiita gereji bubu. Bubu! Pale ambapo kelele haziishi kuanzia saa moja asubuhi.

Turudi kwenye chasisi, maana ndiyo kesi. Chasisi ya boksi huoza kutoka ndani. Tope linaingia, linakaa, linanyonya maji, wewe nje unaona rangi nzima. Nayo alumini ikigusana na chuma penye unyevu inageuka unga mweupe, chuma kinabaki. Dawa ni kuweka mpira au rangi nzito katikati na kuzibua matundu ya kutolea maji kila baada ya masika. Babu alikuwa anazibua kwa waya wa baiskeli mpaka miguu ilipomkataa. Sisi wengine tulikuwa tunapanda tu.

Wiki iliyopita nilipiga simu kikao kikiwa kimekaa tena, nikawekwa kwenye spika. Nikawasomea haya, kwa kifupi. Ba'mdogo akauliza swali la haki kabisa: "Sasa historia italipa godoro la mtoto?" Nikakosa jibu mara ya pili. Kimya kikapita. Kisha babu akasema asubuhi ile ameuza dume. Dume lake la jembe, wadau, sio la kuchezea. Nusu ni ya shule ya mdogo wangu, nusu ni ya bamba na vijiti vya kuchomelea. Ba'mdogo hakusema kitu, ila jioni akanitumia meseji kwamba ameshamwita fundi, mmoja wa wale kumi na wawili, na kwamba mnunuzi wa skrepa ameondoka na plau bovu na mapipa mawili.

Fundi amekata boriti ya nyuma ya chasisi jana. Anasema upande wa kulia ni mzima kuliko alivyofikiri, kushoto atakata mpaka kwenye kikombe cha springi. Anahitaji bushi nane za springi za 109 na yubolti mbili. Mdau uliyeko Arusha unayejua duka lenye bushi za chuma, sio zile za plastiki zinazokwisha kwa mwezi, niambie bei kabla ya Ijumaa. Bumu likitoka nanunua.